Udongo wa Mama

Gerezani, Kisumu

Dada yangu Nanyama,

Habari za Port Victoria? Mimi bado napumua. Siku hizi wameniweka jikoni, nasonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia. Omena, hawa dagaa wa hapa, wewe ungewamwagia kuku.

Barua zangu hujajibu hata moja. Nasikia unavyosema: mtu ambaye hakuiba hawezi kukubali kortini kwamba aliiba. Ni kweli nilikubali. Lakini ile injini ya boti iliyopotea ufuoni Dunga sikuigusa. Mama alikuwa mochari, mazishi yalikuwa Jumamosi, na mimi ndiye kifungua mimba wake, wa kutupa udongo wa kwanza kaburini. Mzee mmoja pale rumande akaniambia, "Kubali tu, bwana. Kosa la kwanza utapewa onyo, uende ukazike." Nikakubali. Hakimu akanipa miaka mitatu, na Jumamosi ikanikuta humu ndani.

Sasa nimekata rufaa ili kesi ianze upya. Wakili anasema jaji atataka kujua kwa nini nilikubali kosa la mtu mwingine. Wewe ndiye uliyeniletea habari ya msiba kule rumande. Hakuna mwingine wa kunitolea ushahidi.

Usipotaka kuja, sitakulazimisha. Wala usiniambie nani alitupa udongo wa kwanza. Niambie tu mlimzika upande gani wa nyumba, ili siku nikifika na giza limeingia, nisimkanyage.

Bado ni kaka yako,
Wakhungu