Mpaka Umepita Zizini

Mkiwa, Julai 1953

Kaka Marko,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nipo hapa kwa shangazi Klara. Mtama umekubali mwaka huu, na yule mtamba mwekundu amezaa jike.

Kaka, baba hatunaye. Watu wa misitu waliweka mawe ya mpaka, wakasema shamba letu, zizi na nyumba sasa ni msitu wa Serikali. Baba akawauliza, "Msitu gani una zizi?" Wakaondoka.

Jumatatu moja mwezi uliopita walirudi na askari. Wakapanda juu ya paa la udongo la tembe letu, wakaanza kulibomoa sisi tumo ndani. Boriti ikamvunja mama mguu. Baba alitoka na shoka, akamkata askari mmoja begani. Wakamwangusha kwa vitako vya bunduki, wakazidi kumpiga hata aliponyamaza. Nikashika mchi nikampiga mmoja wao kichwani. Sijui kama alipona. Ndiyo maana nimejificha huku.

Tafadhali usije. Wanakamata kila mwanamume wa ukoo wetu.

Baba tumemzika zizini, kama babu. Mama anajikokota kwa fimbo kila asubuhi kutoka kwa majirani, anavuka yale mawe na kukaa kaburini. Askari wanamchapa na kumtoa. Shangazi alikwenda kumchukua, mama akakataa. "Mwambieni Marko mimi sijahama," alisema.

Juzi walimfunga. Leo asubuhi wamemwachia, naye amekwenda tena.

Mdogo wako akupendaye,
Lea