Keki Iliyokusubiri

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa na bado linavuja palepale. Paka wa jirani amehamia kwetu bila kumuuliza mtu.

Ile keki ya matunda ya sikukuu ya mwaka juzi, ambayo Mama alikataa ikatwe mpaka uje, tumeila Jumapili. Usiwe na wasiwasi, hakuna aliyeumwa tumbo. Kazi yangu dukani ni kuondoa kwenye rafu vitu vilivyopitwa na tarehe, kwa hiyo niliikagua kwanza. Keki yenye sukari na zabibu kavu namna ile, ikifunikwa vizuri kwenye mkebe wake, haiharibiki upesi. Ilikuwa imekauka pembeni tu. Baba alichovya kipande chake kwenye chai, akasema haina neno.

Kabla haijakatwa nilimkumbusha Mama kwamba umeahidi kuja mwaka huu.

"Ameahidi, ndiyo," akasema, akaenda kuchukua kisu mwenyewe.

Unajua kipande cha kwanza ni cha kitindamimba tangu tukiwa wadogo, hata Baba hakigusi. Safari hii Mama alikila yeye. Alikula taratibu mpaka makombo, akapangusa vidole, akasema, "Bado tamu."

Mkebe ameuosha, anawekea vitunguu. Keki nyingine hajanunua, na mimi sikumuuliza.

Siku ukija, tupigie simu kwanza, kama wageni wengine, tujue tuandae nini.

Ni mimi,
Dada yako