Hodhi la Mtiki

Nyandira, 3 Mei 2024

Mwanangu Prisca,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima. Mama yako anakula vizuri, ila mguu wa kulia hausogei tangu kile kiharusi. Mtaalamu wa mazoezi pale misheni anasema maji ya uvuguvugu yangemsaidia, akae humo mpaka kifuani. Ndani hakuna nafasi, basi nitamjengea hodhi la kuogea uani, upande unaotazama bonde. Wewe ndiye fundi ujenzi. Nitumie nini kisichooza kwa mvua hizi? Nimefikiria saruji na vigae vinavyong'aa, kama vya bafu la paroko. Au mikaratusi yetu ya shambani.

Mama anasema usisahau kula.

Baba yako,
Fransisko


Dodoma, 11 Mei 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku kazi inaendelea, na mwambie Mama ninakula.

Vigae vya kung'aa hapana, Baba. Vikilowa vinateleza, naye hana mguu wa kujizuia. Saruji kwa baridi ya huko itameza joto na kuni zako zote. Mkaratusi utapinda na kupasuka. Tafuta mtiki uliokauka vizuri, ulizia Mlali. Zisimamishe mbao kwa mviringo kama pipa, uzibane kwa mikanda ya chuma kisichoshika kutu; misumari usitie. Ndani usipake vanishi wala rangi, maji ya moto yataibambua. Piga msasa tu mpaka kiganja kipite bila kukwama. Nje paka mafuta ya kitani, urudie kila kiangazi. Maji chemsha kando, na yasizidi joto la kumwogeshea mtoto mchanga.

Binti yako,
Prisca


Nyandira, 20 Juni 2024

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi tupo, ila nimevunjika moyo. Jana hodhi lilikamilika. Jirani yetu Castory alinisaidia kukaza mikanda. Tukajaza maji, yakatoka kila mahali kama kwenye chekeche. Mama yako alikuwa kwenye kiti, amejifunga khanga mpya, anasubiri. Akasema, "Si kitu, Fransisko. Nirudishe ndani." Basi, hajalitaja tena. Nataka nizibe kwa lami, au nilipasue liwe kuni.

Baba


Dodoma, 24 Juni 2024

Baba,

Shikamoo, na pole sana. Shoka weka chini! Lami nayo usiguse, itamuunguza Mama ngozi. Mbao zile ni kavu, zina kiu. Jaza maji, yakiisha, jaza tena. Waache watu wacheke. Mbao zikishiba zitavimba na kubanana zenyewe. Ziache zinywe, Baba.

Prisca


Nyandira, 29 Julai 2024

Prisca mwanangu,

Hujambo? Safari hii ni mimi, Castory ananishikia kalamu. Baba yako maneno yamemwishia.

Alijaza maji asubuhi na jioni, wapita njia wakimwonea huruma. Siku moja akaniita, "Magdalena, sikiliza." Nikasikiliza. Hakuna tone. Akapitisha kiganja nje ya mbao, kikatoka kikavu. Kila ubao umemshika mwenzake, hakuna gundi, hakuna msumari. Baba yako akavua kofia kama yuko kanisani.

Yeye na Castory wakapasha maji, wakanibeba wakaniingiza. Mwanangu, nieleze wewe uliyesoma, maana mimi sijui: ule mguu uliolala kama gogo ulipanda wenyewe! Niliviona vidole vyangu vinachomoza juu ya maji, nikapiga ukelele mpaka watu wakaacha majembe kwenye matuta ya kabichi wakaja kutazama. Hakuna aliyecheka. Walisimama tu.

Kwenye nchi kavu mguu bado haunibebi. Ila mle ndani napiga teke, na kila siku linazidi kidogo.

Jana nikamwambia baba yako na yeye aingie. Akaingia na shati lake! Ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukatufunika, nikawa simwoni. Nikasikia sauti yake tu, ndogo kama ya mtoto: "Magdalena, mimi sina uzito."

Mama yako