Mpita Njia na Askari wa Pembeni

Nyumbani, chumba cha uani,
S.L.P. ile ile ya marehemu baba.
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima basi walau unaendelea vizuri. Kifua chako kinasemaje baridi ikizidi? Unakula? Unapata mtu wa kukuuliza umeamkaje? Sisi huku hatujambo. Magoti yanamsumbua mama akipanda ngazi, lakini sauti yake bado inafika nyumba ya tatu. Mimi niko pale pale kiwanda cha uchapaji, nasahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na macho yameanza kudai miwani.

Anwani yako nimepewa na rafiki yako dereva wa malori, anayesema mlikutana mkisubiri kupakua mizigo. Alinitajia mara mbili, na mara zote mbili nilimkazia macho nione kama anadanganya. Unanijua. Nalipwa mshahara kwa kutoamini kilichoandikwa, na tabia hiyo hainiachi nikivua koti la kazi.

Nina jambo refu la kukueleza. Tafadhali usiikunje barua kabla hujafika mwisho, maana ndani yake yumo Fundi Rangi.

Ndiyo, yeye, mume wa mama. Wewe uliondoka siku ya harusi yao na viatu mkononi. Mimi nilibaki, lakini usidhani nilimkubali. Miaka yote hii nimempa shikamoo ya asubuhi na shikamoo ya jioni, basi. Akiingia sebuleni nakumbuka nguo za kuanika. Akiniuliza habari za kazi namjibu "nzuri" nikiwa nimeshampa mgongo. Naye hakunilazimisha. Anapaka rangi magari ya watu kule gereji, anarudi, anakula, analala.

Sasa sikiliza. Kiwandani kwetu kuna kompyuta moja iliyounganishwa na waya wa simu. Kazi ikiisha bosi huniachia niitumie. Ukiiwasha inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha inakufikisha kwenye ubao wa ujumbe, yaani ukurasa ambao watu wa kila mahali wanaandika na wengine wanasoma na kujibu. Bwana mmoja anayejiita Nahodha ameanzisha humo sataranji ya polepole. Unaandika hatua yako moja, mwenzako anafikiri siku kadhaa, anaandika yake. Kila mtu nyumbani kwake ana ubao wa mbao anaosogezea kete. Mchezo ukiisha, wote wanaufungua na kuuchambua: hapa ulilala, hapa ulikuwa na bahati. Michezo ya zamani inabaki pale, yeyote anaweza kuisoma.

Hakuna anayetumia jina lake. Mimi najiita Kidoti, kama ulivyoniita wewe.

Mwaka jana nilipangiwa mtu mgeni, Mpita Njia. Hatua yake ya kwanza ilinifanya nivue viatu chini ya meza. Unakumbuka baba alivyokuwa akianza? Watu wote wanasukuma askari wa katikati, yeye anasogeza yule wa pembeni kabisa, halafu anakunywa chai kana kwamba kazi imekwisha. Mpita Njia alisogeza askari wa pembeni.

Kwanza nilimshuku anatumia programu ya kompyuta ifikiri badala yake, maana siku hizi wapo. Lakini baada ya muda aliniachia farasi wake bure, hivi hivi, na chini yake akaandika "aa jamani". Programu haisemi aa jamani.

Ndipo nikaanza kumsoma kama ninavyosoma prufu. Hakuweka herufi kubwa hata moja. Sentensi zake zote zilianza kichwa wazi. Nikaenda kuitoa ile barua uliyoiandika ukiwa njiani, moja tu uliyotuma, nikailinganisha. Nawe hukuweka. Mwalimu wetu alikuchapa mpaka akachoka kwa ajili ya herufi kubwa, na hukubadilika. Nikasema, huyu ni kaka. Ameona aibu kurudi kwa mlango, amepita dirishani.

Hata hivyo nikamtega. Kando ya hatua kuna nafasi ya kuandika maneno ambayo mpinzani wako pekee anayaona. Nikamuuliza: baba alikuwa akimwitaje askofu wa sataranji?

Wewe unajua jibu. Alimwita shemeji, kwa sababu anapita pembeni pembeni, hasalimii mtu, na ghafla yumo ndani ya nyumba na sahani iko mbele yake. Mjomba alikuwa akicheka na sisi bila kujua anachekwa yeye. Mtu wa nje angelijuaje neno hilo?

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa neno moja: "shemeji".

Kaka, nililia pale kazini mbele ya mtunza stoo. Nikamwambia ni vumbi la karatasi.

Tangu hapo nilimwandikia kila kitu. Kaburi la baba lilivyotitia upande mmoja. Mama anavyoweka sahani moja ya ziada kisha anajifanya amehesabu vibaya. Nikamweleza na Fundi Rangi pia, sikumficha: anavyotafuna kwa kishindo, anavyoacha alama za vidole vya rangi kwenye swichi za taa, anavyokaa kwenye kiti cha baba. Majibu yalikuwa mafupi. "pole." "nimesoma." "mama anakupenda." Kuhusu Fundi Rangi aliandika: "labda atajirekebisha."

Nikiamini ni wewe, nilitaka utaje jina lako mwenyewe kabla sijamwambia mama. Hukulitaja, nikangoja, nikazidi kuingiwa na shaka. Mbona hunitanii? Mbona humtukani Fundi Rangi, wewe uliyemtukana mbele ya wageni waalikwa?

Na nyumbani nako mambo yakaanza kunitatiza. Fundi Rangi akawa anatafuna polepole kama mgonjwa. Jumamosi moja nikamkuta anafuta swichi za taa kwa kitambaa chenye petroli. Kile kiti akakihamisha ukutani, akawa anakaa kwenye stuli. Tena akawa anachelewa kurudi, na akirudi mikono ni misafi, imesuguliwa hadi kwenye kucha. Nikasema, huyu amepata mwanamke mjini. Mtu hajisafishi hivyo kwa ajili ya mke aliyemzoea.

Nikamdokeza mama. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Huyu? Hata mimi alituma mtu kunitongoza!"

Nikaona nimwondolee mashaka yote kwa habari njema. Alikuwa anakunja nguo kitandani. Nikamwambia, "Mama, kaka yupo. Mwanao mzima. Tunaandikiana kwenye kompyuta."

Akakaa juu ya nguo alizozikunja. Kaka, sijui nikueleze vipi uso wake. Makunyanzi yote yalijitandaza. Akanishika mikono yote miwili.

"Umejuaje kama ni yeye?"

"Nilimuuliza baba alimwitaje askofu. Akanijibu shemeji."

Akaniachia mikono. Akatazama dirishani, akauliza pole pole, "Lini hiyo?"

Nikamwambia.

"Mwanangu," akasema, "siku hizo hizo mume wangu aliniuliza swali hilo. Nilikuwa nakata vitunguu. Nilifurahi, maana hajawahi kuniuliza neno juu ya marehemu."

Alianza kuzikunja upya zile nguo, moja moja.

Nilikwenda gereji kwa miguu, sikuona hata barabara. Fundi Rangi alikuwa anapulizia rangi mlango wa gari uliotundikwa kwenye kamba. Akaniona, akashusha kitambaa cha puani.

"Wewe ndiye Mpita Njia?"

Akalaza bomba la rangi chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa aweke silaha.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nyumbani huniongeleshi. Nilikusikia ukimsimulia mama yako habari za huo ubao, na jina lako la huko. Nikaenda chumba cha intaneti cha hapo nyuma, kijana akanionyesha. Nilisoma michezo yako yote. Unaanza na askari wa pembeni, nami nikaanza hivyo hivyo."

Hapo nilihisi aibu imenipanda hadi masikioni. Kile nilichokiona kwake nikasema ni mkono wako, kilikuwa mkono wangu mwenyewe.

"Ulijifanya kaka yangu."

"Sikusema mimi ni yeye."

"Hukusema wewe si yeye!"

Wapiga bodi walikuwa wameacha nyundo zao wanatusikiliza.

"Hapo ndipo nilipokosa," akasema. "Ulipouliza lile swali nilijua unamtafuta nani. Ningesema sijui, ungeondoka. Nikajibu. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana."

"Na herufi kubwa?"

"Herufi kubwa zipi?"

"Huziweki. Yeye pia haziweki."

Akatazama vidole vyake. "Sijui kitufe chake kiko wapi."

Nusura nicheke, na nilikasirika zaidi kwa kuwa nusura nicheke. Nikaondoka bila kuaga.

Kesho yake Mpita Njia aliandika kwenye ubao: "nimeshindwa". Basi mchezo ukafunguliwa kwa uchambuzi, na ndipo moto ulipowaka. Yuko mmoja humo anajiita Daktari wa Meno, mshukuzi kuliko mimi, kama unaweza kuamini. Akaandika: "Mchezo huu umepangwa. Mpita Njia alikuwa anashinda. Ngome yake ishuke safu ya mwisho, mfalme wa Kidoti hana pa kukimbilia. Nani anaacha ushindi kama huo?" Wengine wakadakia. Nahodha akasema akithibitisha udanganyifu atatutoa wote wawili.

Nilipanga kete kwenye ubao wa baba nikasogeza ile ngome. Kweli tupu. Sikuwa nimeiona, na yeye alikuwa ameiona. Nikakaa pale najiuliza: hii ni pole au ni rushwa? Anataka nimsamehe au anataka ninyamaze? Nilimgeuza mtu yule kila upande, kaka, nikitafuta kosa, na nililolipata ni lile lile alilolikiri mwenyewe mbele ya wapiga bodi.

Nikaandika mbele ya wote: "Mpita Njia ni mume wa mama yangu, tunaishi nyumba moja. Ameacha mchezo kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Hatukupanga matokeo. Naomba mchezo uendelee." Nilisoma sentensi hizo mara nyingi kabla ya kuzituma. Hazikuwa na kosa.

Nahodha alikubali. Daktari wa Meno akajibu kwamba ataamini akimwona anashinda. Mpita Njia akashusha ngome yake, akanifunga. Haikuchukua muda.

Jioni ile, mezani, Fundi Rangi alitazama sahani yake akauliza, "Kwa nini hukumrudisha farasi nyumbani kumlinda mfalme?" Nikamwambia farasi alikuwa na kazi upande wa pili. Akasema kazi gani. Nikaleta ubao. Mama alitukuta bado tunabishana chai imepoa, akaondoa vikombe.

Usinielewe vibaya. Bado namshuku. Akinisifu najiuliza anataka nini. Akiingia sebuleni bado mguu mmoja unataka kunyanyuka, ila mwingine unabaki. Simwiti baba na hataki nimwite. Lakini nimeacha kukimbilia nguo za kuanika.

Nawe pia nakushuku, nikwambie ukweli. Nashuku umeshaoa na hukutuambia. Nashuku unasoma hapa umekunja uso. Sikuombi umpende Fundi Rangi. Kama unamkataa, njoo umkatae mwenyewe uso kwa uso, yupo, hatakimbia. Ila kuna kitu kimoja ambacho mimi siwezi kukirekebisha wala yeye hawezi. Mama alipokuwa amekaa juu ya zile nguo, kwa kitambo kile kifupi, alikuwa na mtoto wake wa kiume. Mimi ndiye niliyempa, na kabla hajavuta pumzi ya pili nikamnyang'anya. Wewe peke yako ndiye unayeweza kumrudishia.

Shangazi anakusalimu sana na anauliza kama umeacha kukoroma. Mjomba fundi saa anakusalimu, pamoja na mapacha wake, ambao sasa wananipita urefu. Mtunza stoo, ambaye hakujui, naye anakusalimu, kwa kuwa amenisikia nikikutaja. Mama hajui kama nakuandikia; sitaki kumpa habari nisiyokuwa na hakika nayo kwa mara ya pili.

Mungu akulinde barabarani na mahali unapolala, akupe afya, akupe na watu wa kweli wa kuzungumza nao.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda hata anapokushuku,

Kidoti