Ndevu za Kwan Tai

Jumatatu, 1 Aprili 2019

Daktari kasema moyo wangu umechoka, nisipande ngazi. Nikamwambia basi mbinguni waniandalie lifti. Hakucheka. Vijana hawa!

Alasiri hekaluni. Ah Fatt, mtunzaji — nilimfundisha darasa la tatu, jedwali la saba halijui hadi leo — kanipa kahawa na habari. Bi Chin anakuja Ijumaa, siku ya kufagia makaburi. Babu wa babu yake alifukiwa na udongo katika mgodi wa bati. Mwili haukupatikana. Anataka unywele mmoja wa ndevu za sanamu ya Kwan Tai, mungu wa hekalu letu, auzike kaburini penye jina tupu.

Si wachimbaji wa Kichina wenyewe, babu huyo akiwemo, waliokata misuko yao mirefu wakamfumia mungu wao ndevu? Ndivyo anavyosema Ah Fatt. Kisha: "Mwalimu, mbona umepauka?"

Nikasema kahawa kali.

Jumanne, 2 Aprili

Niandike. Hakuna mwingine ajuaye.

Mwaka 1958. Nina miaka ishirini na mitatu, mwalimu mpya, nimejitolea kupangusa sanamu. Nikasogeza taa ya mafuta nimwone vizuri usoni. Ndevu zikashika moto — fuu! — nikabaki na mungu mwekundu, kidevu kitupu, kama muuza nyama ya nguruwe. Nikafunga mlango. Nikakata msuko wangu uliofika kiunoni, nikashona na kubandika mpaka jua likazama.

Nyumbani nikasema ni mtindo mpya. Mama alilia wiki nzima.

Miaka sitini na mmoja wanaume wa mji huu wanazipigia magoti nywele zangu, mimi Yap Sau Kiew! Nimecheka kimoyomoyo, sikatai. Ila niliwachoma wale wachimbaji. Hilo halichekeshi. Majivu yao niliyazoa yote. Yamo kwenye kopo la chai, nyuma ya kamusi.

Alhamisi, 4 Aprili

Unywele ule ukifukiwa kesho, nitakuwa nimezikwa kabla ya kufa — tena kwenye ukoo wa Chin, waliokataa mtoto wao anioe kwa kuwa nimesoma mno!

Ijumaa, 5 Aprili

Niko kwenye benchi la hekalu. Nimemwambia Ah Fatt kila kitu.

"Mwalimu! Mimi nilifunga ndoa mbele ya ndevu hizo!"

"Na ndoa imedumu?"

"Miaka arobaini."

"Basi msuko wangu una baraka."

Akacheka, kisha akakasirika. Ninyamaze, anasema. Bi Chin azike unywele, afurahi, sisi tufe na siri yetu. Nikatikisa kopo la majivu nililokuja nalo. Akageukia sanamu.

"Tumuulize mwenyewe."

Akachukua vipande viwili vya mti, bapa upande mmoja, tunavyomuulizia mungu. Nimwambie Bi Chin? Kimoja kikilala bapa juu, kimoja bapa chini, ni ndiyo. Vyote bapa chini, hapana. Akarusha. Vyote bapa juu — mungu anacheka, hajibu! Akarusha tena. Anacheka tena! Ah Fatt kakaa sakafuni, anafuta machozi, sijui ya kicheko au ya nini.

Gari limesimama nje. Bi Chin anashuka na kisanduku cha mti na mkasi mdogo.

"Rusha wewe, Mwalimu," Ah Fatt ananong'ona. "Nywele ni zako."

Nimevirudisha vipande mezani; sihitaji tena jibu. Kifuniko cha kopo kimekaza. Ah Fatt ananifungulia, Bi Chin ayaone majivu ya wazee wake —