Gia ya Tatu hadi Dindira

Jumapili, 7 Julai 2024

Aibu! Kaka Sabiri amerudi kutoka Dindira na vumbi mpaka kwenye kope. Alikwenda kujitambulisha kwa kina Mwantumu, mchumba wake, na lile Mazda lake jekundu, RX-7, gari ambalo Kabuku nzima wanalijua kwa mlio. Likamfia kwenye kona kali chini ya nyumba ya wakwe. Wakwe wenyewe wakashuka kulisukuma! Na Wasambaa ni watani zetu, wangemwacha? Mzigua kazoea tambarare, walisema. Shemeji mmoja akamuuliza kama na mke atamchukua kwa kusukumwa.

Nilicheka. Kisha nikaacha, maana amesema anaitoa injini. Ameshampigia Godfrey, fundi wake wa Dar. Jumamosi ya tarehe ishirini Godfrey anakuja na injini ya pistoni, injini ya kawaida. “Ya watu,” alisema Kaka.

Ya watu! Hii iliyomo sasa haina pistoni hata moja. Ndani kuna pembetatu mbili za chuma zinazozunguka. Chuoni tuliipitia kwa nusu ukurasa, mwalimu akageuza. Sikuwahi kudhani ningeikuta Korogwe, kwenye gereji ya Baba mdogo, mbele ya mikono yangu.

Nimemwomba aniachie nijaribu. Kasema: siku hiyo hiyo ya Jumamosi anapanda tena Dindira kupokea jibu la posa, na anapanda na gari hilo hilo, hata watu waseme nini. Likipanda, injini inabaki. Likisukumwa, Godfrey anaishusha hapo hapo.

Jumanne, 9 Julai

Tatizo ni nguvu ya chini, injini inapozunguka polepole. Juu gari linaruka kama limeumwa na nyuki. Chini, kabla ya mizunguko elfu tatu kwa dakika, hakuna kitu. Unakanyaga mafuta, linawaza.

Leo nimejua kwa nini. Gari lina tabo mbili, zile feni zinazozungushwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa ndani ya injini. Lilivyotengenezwa, tabo ya kwanza hupewa moshi wote kwanza, ya pili inaamka baadaye, injini ikishachanganya. Mipira midogo ya kupitishia hewa ndiyo inayoamua zamu. Mipira hiyo haipo! Matundu yamezibwa kwa misumari. Sasa tabo zote mbili zinagawana moshi kidogo tangu chini. Uji wa mtu mmoja, wamepewa wawili. Wote wana njaa.

Nimempigia Godfrey. Hakukataa. Aliitoa yeye, ilikuwa imeoza, na nani ana muda na mipira yote ile? Akanicheka, lakini si kwa ubaya. “Dada, weka pistoni ulale.”

Silali vizuri hata hivyo. Nimepeleka maombi ya kazi kila mahali, na kila mahali ni kimya. Baba mdogo Mbwana ananiita Mhandisi, na kila anaponiita hivyo nataka kujificha. Nataka kitu kimoja tu duniani kiwe kilivyo kwa sababu yangu.

Alhamisi, 11 Julai

Mipira mipya imefika kwa basi. Ya silikoni, haiogopi joto. Mikono imechanika kwa kuifunga. Baba mdogo amechungulia chini ya boneti akasema hayo ni matumbo ya mbuzi, na kwamba hata mchinjaji angeomba msaada.

Jumapili, 14 Julai

Hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa! Tumelipeleka barabara ya Ngombezi, katikati ya mkonge, nimeendesha mwenyewe. Gia ya tatu, mizunguko elfu mbili, nikakanyaga. Limekohoa. Baiskeli imetupita. Mwenye baiskeli alikuwa na mzigo wa kuni na alitusalimia vizuri kabisa, ndipo iliponiuma zaidi.

Kaka alikuwa pembeni. Alitazama mkonge tu.

Mama naye, chakula cha mchana: mtoto wa kike na grisi mpaka kwenye masikio, huko ukweni watasema nini wakiniona? Nimemjibu vibaya. Sikupaswa. Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 15 Julai

Mjinga! Mimi!

Kuna valvu ndogo ya njia moja, saizi ya kifuniko cha kalamu. Nimeichomoa nikaipuliza kwa mdomo. Hewa haipiti. Nikaigeuza, ikapita. Niliifunga kinyume. Kwa hiyo mlango unaopitisha moshi kwenda tabo ya pili haukuwahi kufungwa, moshi ulikuwa unagawanyika vilevile. Kazi yote ile, na kosa lilikuwa la kuingia mdomoni.

Sijamwambia mtu. Nimeifunga sawa. Naogopa kulijaribu.

Jumatano, 17 Julai

Linavuta!

Ngombezi tena. Gia ya tatu, mizunguko elfu mbili. Nikakanyaga taratibu, nikangoja. Kwanza filimbi nyembamba. Kisha mgongo wangu ukaguswa na kiti, kama mtu anayekusogeza kwa kiganja. Bila kelele. Kutoka chini kabisa! Wafanyakazi waliokuwa wakitoka kiwandani wamesimama kutazama. Baba mdogo kwenye kiti cha pembeni amesema “Ee Mola,” halafu hakuniita Mhandisi. Kaniita Yusra.

Lakini. Nilipolipeleka juu, wakati tabo ya pili inaamka, sindano ya kipima presha iliruka kupita mahali pake. Nimeachia mafuta haraka. Injini hii haisamehe: presha ikizidi, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati, na sili, vile vyuma vyembamba vinavyoziba presha kwenye ncha za pembetatu, zinapasuka. Hapo hakuna tena injini ya kubaki.

Mchana wote nimefikiria. Nimepunguza presha ya juu. Sasa halitakimbia kama zamani. Na bado, mtu akilikanyaga kwa pupa na mzigo juu yake, sijui. Kweli sijui. Ningekuwa na mwezi mmoja zaidi ningejua.

Ijumaa, 19 Julai

Baada ya swala Kaka amelijaribu. Nilimwambia ukweli: nimekata juu ili niongeze chini. Amelipeleka njia ya Segera, amerudi uso umekunjamana.

“Umenifanyia Noah ya abiria.”

Nimemwambia Noah haikusukumwa na wakwe. Baba mdogo alitoka nje kwenda kucheka.

Halafu tumepanda naye kile kilima nyuma ya mji ili nimwonyeshe. Ndipo nilipoona balaa lenyewe. Kaka hawezi kuliacha livute lenyewe! Kila kilima kikianza, mkono unakwenda kwenye gia, anarudisha ya pili, anakanyaga mpaka sakafuni. Miaka yote gari limemfundisha hivyo. Na hivyo ndivyo litakavyokufa kesho: Mama na mizigo ndani, gia ya pili, mafuta yote, presha inaruka.

Nimemwambia: anza na ya tatu pale barabara inapoinuka. Usiguse gia. Kanyaga nusu, kisha ngoja. Linavuta lenyewe.

“Nisipogusa likazima?”

“Halizimi.”

“Gari langu, unanifundisha wewe?”

“Gari lako. Injini nimeifunga mimi.”

Halafu kaniuliza, sauti ya chini, kama nina hakika. Nimesema ndiyo. Sikuwa nayo, si yote. Nimesema ndiyo kwa sababu nikisema labda, mkono wake utakwenda kwenye gia.

Godfrey amefika jioni na pikapu. Injini ya pistoni iko nyuma, imefungwa kwa mnyororo na kufuli.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika nimekaa kwenye ukingo wa kalvati, kidaraja cha maji ya mvua, chini, barabara ya Dindira inapoanza kuinuka. Naandika kila ninachosikia. Wazee wametangulia na Noah. Mama yuko kiti cha mbele cha Mazda, kikapu mapajani, shungi jipya. Baba mdogo amekunjwa nyuma kama mkeka, na doti za khanga za ukweni juu yake. Mimi sikupata nafasi, wala sikuitaka. Kutoka hapa bonde linaleta sauti yote.

Godfrey, aliyenileta na pikapu yake, amekaa jiwe la jirani. Asubuhi nzima anaongea: ataiweka wapi winchi ya kuinulia injini, atakata wapi chuma. Nimemwacha.

Wameondoka. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Sasa mlio wa chini, mzito, unatulia.

Kona ya kwanza. Filimbi imeanza. Bado ya tatu.

Wanawake wawili wanaoshuka na ndizi wamesimama. Mmoja amesema huyo ni yule Mzigua wa kusukumwa, mbona leo anaimba. Wamecheka, nao wamekaa.

Godfrey amekatiza hadithi ya winchi. Ameinamisha kichwa.

“Dada, hiyo ni ya tatu?”

“Ya tatu.”

“Tangu hapa chini?”

“Tangu hapa.”

Kona kali. Hapa ndipo lilipomfia. Mlio unashuka, unashuka, Kaka usiguse, ngoja, ngoja tu— unashuka bado— sasa mkono wake uko wapi? Mlio umeshuka mpaka pale ambapo hata mimi ningegusa.

Hajagusa.

Filimbi imerudi! Unapanda. Mlio unapanda wenyewe, mzito vilevile, gia ileile. Ameamini neno langu kuliko mkono wake.

Sauti imekatika.

Labda mlima umeiziba. Nyumba ya wakwe iko nyuma ya ule mgongo wa mlima. Au wamefika. Au sivyo. Wanawake wa ndizi wananitazama mimi, si mlima. Godfrey amesimama, amekwenda kwenye pikapu, ameshika kufuli la mnyororo. Halifungui. Amesimama hivyo hivyo, anasikiliza pamoja na mimi—