Umri wa Jiwe la Niyonzima

Dar es Salaam, 11 Oktoba 1992

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na wanafunzi wako wa jiografia hawakuchoshi. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanionea.

Mawe uliyookota chini ya volkano ya Sabyinyo yamefika, nashukuru sana. Ila mwalimu wangu ameyakataa. Yameliwa na mvua, na gesi tunayoipima ili kujua umri imeshavuja. Tukipata jiwe zima atalipeleka maabara ya Ulaya, tujue lava, ule uji wa moto uliolizaa, ilimwagika lini na ilitoka wapi. Bila hilo sina tasnifu. Ukiweza, nitafutie tena.

Mwanao,
Épiphanie

Kigali, 3 Januari 1993

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unavumilika. Tangu mama yako afariki sina wa kuzungumza naye Kiswahili cha Kigoma, kwa hiyo barua zako ni dawa.

Jiwe nimepata. Karibu na Ruhengeri nilimkuta mkulima, Niyonzima, akipalilia viazi. Nikamweleza shida yako.

"Anataka kujua miaka ya jiwe langu?" akauliza. "Hata mimi nataka."

Akabomoa kona ya ukuta wa shamba lake, akachimba mpaka kwenye mwamba, tukapokezana nyundo. Ndani ni jeusi, lina vipunje vyeupe. Mkewe, Gahongayire, alitupikia viazi, na hawakutaka chochote ila majibu.

Baba yako,
Évode

Dar es Salaam, 20 Novemba 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa Niyonzima na Gahongayire. Tangu uliponiandikia kwamba vita vya Februari viliwatoa kwao na umewapa chumba changu hapo nyumbani Remera, nalala vizuri zaidi.

Waambie majibu yamekuja. Jiwe lina miaka kama elfu tisini. Lilitoka chini kabisa, pale ardhi ya Afrika inapopasuka taratibu. Lava ilipopanda ilikwangua mwamba wa kale kuliko yenyewe, na vile vipunje ni mabaki ya mwamba huo ambayo hayakuyeyuka. Wamenipa walichonacho, na mimi sina cha kuwalipa.

Mwanao,
Épiphanie

Kigali, 16 Januari 1994

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, ingawa mji umejaa maneno ya kutisha na majirani wengine hawanisalimu tena kwa sababu ya kabila langu.

Niliwasomea barua yako. Niyonzima akasema, "Elfu tisini. Na watu wanapigania nani alitangulia kufika nchi hii."

Gahongayire akacheka mpaka akafuta machozi. Anasema ukija atakupikia mwenyewe.

Baba yako,
Évode

Dar es Salaam, 12 Juni 1994

Baba,

Shikamoo. Posta haipokei barua za Kigali. Hii nimempa dereva wa lori anayekwenda Ngara, karibu na mpaka, labda atakutana na mtu.

Tasnifu imepita. Sijamwambia yeyote. Kama upo, nitumie hata neno moja.

Épiphanie

Kigali, 25 Septemba 1994

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, na barua yako ya Juni imenifikia. Barua hii anakuja nayo Benon, jirani mpya aliyekulia Bukoba.

Wauaji walipokuja kunitafuta, Niyonzima alisimama mlangoni akawaambia nimekimbilia Butare. Walimpiga, akarudia vilevile. Muda wote huo nilikuwa darini, juu ya jikoni, na Gahongayire ndiye aliyenipandishia chakula. Mwezi wa saba, waasi waliposhinda, yeye na mkewe waliogopa kisasi kwa kabila lao, wakafuata umati hadi Goma, ng'ambo ya mpaka.

Wewe unaijua Goma. Lava ya juzi tu, udongo haujapata hata kujitengeneza. Maji hayakai, choo hakichimbiki, wala kaburi. Kipindupindu kilimchukua Gahongayire, na mumewe alimfunika kwa mawe kwa mikono yake.

Nilikwenda Gisenyi, mpakani, nikatuma wachuuzi wamtafute ng'ambo. Alipovuka mpaka nilimweleza askari jinsi Niyonzima alivyoniokoa, huku nimemshika mkono. Sasa yuko nami. Hasemi sana, lakini jana alipanda maharagwe nyuma ya nyumba.

Nimefurahi mno kuhusu tasnifu. Nimerudia mistari ile mara nyingi. Ila mimi umeshanishukuru vya kutosha. Mwandikie yeye. Mwamkie vizuri, muulize afya, umpe pole ya mkewe, umwite baba mdogo. Nitamsomea mimi.

Baba yako,
Évode